Niliandikisha "presha": maneno niliyosema Kathiani kuhusu pesa za kuhesabu vifo vya pombe yenye sumu na dawa za kulevya

UZI. Wengi mmeniomba niweke hapa maneno niliyosema Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa pale Kathiani. Nimeyaweka karibu yote, nimetoa tu salamu ndefu na utani wa watu wa nyumbani. Kawaida ya ukurasa huu mnaijua: tunaeleza hoja zinazorushwa kwenye mijadala ya siasa, hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye maoni, nafuta. Haya, twende.

1/
Wazee wangu, akina mama, vijana wenzangu, hamjambo. Nimeambiwa nizungumze kuhusu bajeti, na naona wengine tayari mnaangalia mlango. Ngojeni kidogo. Nitaanza na matanga, na matanga hapa hakuna asiyeyajua.

Mnajua nina mama mdogo hapa Kathiani. Jana jioni nilienda kwake kumwomba ruhusa niseme jambo la nyumba yake. Alinyamaza kitambo, akaniambia, "Sema. Lakini jina la mtoto wangu usilitaje." Kwa hivyo silitaji. Nitamwita ndugu yangu, na ndivyo alivyokuwa.

2/
Ndugu yangu alikunywa Ijumaa usiku, mahali ambapo wengi wenu mnapajua. Jumamosi asubuhi aliamka akasema anaona kama ukungu. Tukacheka. Tukasema hiyo ni hangover, apewe maji ya sukari alale. Mchana akasema tumbo linamkata. Jioni alikuwa anapumua kwa haraka kama mtu aliyepanda mlima wa Iveti mbio. Tukaita bodaboda, mmoja akakaa nyuma kumshika. Hakufika hospitalini. Wakageuza wakamrudisha nyumbani.

Naibu chifu alikuja, mtu mwema, akatoa pole, akatoa fomu. Akauliza, "Alikuwa na shida gani?" Nyumba nzima ikaangalia chini. Na mimi, niliyesoma, niliyekuwa nimetoka Nairobi kwa haraka ili nisaidie, ndiye niliyejibu. Nilisema, "Presha."

Akaandika presha. Alikuwa na umri wa miaka 31.

3/
Sikusema hivyo kwa ubaya. Niliogopa mambo matatu, na nadhani kila mmoja hapa angeyaogopa. Aibu, kwa sababu kasisi asingezungumza vile kwenye mazishi. Polisi, kwa sababu tukisema pombe watakuja kuuliza nani aliuza, na aliyeuza ni jirani. Na pesa, kwa sababu kifo kikishukiwa mwili unaenda mochari, unapasuliwa, siku zinaongezeka na bili inaongezeka nazo.

Tukazika Alhamisi. Wiki tatu baadaye mwanamume mwingine aliyekuwa akinywa pale pale alipoteza macho. Yuko hai, haoni mpaka leo. Hakuna mtu serikalini aliyeunganisha mambo haya mawili. Wangeunganisha vipi? Kwenye vitabu vya serikali ndugu yangu alikuwa mgonjwa wa presha, na yule mwingine alikuwa mtu aliyeshikwa na macho tu.

Haya yote nimeyasema ili muelewe kwa nini nazungumzia bajeti. Kifo kisichoandikwa vizuri hakiombewi pesa. Na kisichoombewa pesa kinarudi.

4/
Sasa tuone jinsi kifo kinavyoingia kwenye vitabu. Hapa Kenya kuna njia mbili. Mtu akifia hospitalini, hospitali inajaza fomu inayoitwa D1, na mtu wa tiba ndiye anaandika chanzo. Mtu akifia nyumbani, naibu chifu anajaza D2, halafu mnapewa kibali cha mazishi. Naibu chifu si daktari. Anaandika alichoambiwa na watu wa nyumba. Ukimwambia malaria, ni malaria. Ukimwambia tumbo, ni tumbo.

Kuna njia ya tatu kwa vifo vya ghafla au vya kutiliwa shaka. Hiyo inapita kwa polisi, mwili unapasuliwa, sampuli zinapelekwa kwa Mkemia wa Serikali. Majibu yakitoka yanaingia kwenye faili la polisi, na ile karatasi ya kibali cha mazishi ilishatolewa kitambo. Karatasi mbili za mtu mmoja, na mara nyingi hazikutani.

Mwaka 2017 tulipata sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, watu ambao kazi yao ingekuwa kuuliza swali moja tu: huyu amekufa kwa nini? Miaka ikapita sheria iko kwenye karatasi. Sheria isiyo na pesa ni kama trekta bila mafuta, inapigwa picha tu.

5/
Ile sumu yenyewe mnaijua? Inaitwa methanoli. Ni pombe ya viwandani, inatumika kwenye rangi, gundi na kemikali nyingine. Ukiiangalia huwezi kuitofautisha na pombe ya kunywa, ambayo ni ethanoli. Ni bei rahisi, ndiyo maana mtu mwenye tamaa anaichanganya.

Kiasi kidogo sana, kama vijiko viwili vidogo, kinaweza kukupofusha. Na ubaya wake ni kwamba haikuangushi palepale. Inaweza kuchukua saa 12 hadi 24 kabla dalili kutokea: macho kuona ukungu, tumbo kukata, kupumua haraka. Yaani mtu analala akiwa mzima, anaamka akifa. Ndiyo sababu sisi tulicheka asubuhi ile.

Lakini sikilizeni hapa. Yale masaa ni nafasi. Mtu akifikishwa hospitalini mapema na daktari akaambiwa ukweli, kuna dawa ya kuzuia sumu isifanye kazi, na kuna mashine ya kusafisha damu. Haya si mambo ya kujaribu nyumbani, ni ya daktari. Lakini daktari asipojua kwamba wiki hii kuna pombe mbaya Kathiani, atadhani ni ulevi wa kawaida, atakuandikia maji ya dripu na upumzike. Kuhesabu ndiko kunakomwambia daktari wa leo kilichomuua mgonjwa wa jana.

6/
Haya, sasa tuingie kwenye siasa bila jina la mtu. Mjadala huu ukifika kwenye redio au kwenye mkutano wa hadhara, utasikia hoja zile zile tano. Nitazichukua moja moja, na nitajaribu kuwa mwaminifu kwa kila moja, kwa sababu wanaozisema si wajinga wote.

7/
HOJA YA KWANZA: "Walikunywa wenyewe. Mlipa ushuru anahusika vipi?"

Hoja hii ina nguvu hasa kwa watu wanaofanya kazi kwa bidii na hawanywi. Mama anayeuza nyanya sokoni tangu alfajiri, kwa nini pesa yake imhudumie mlevi?

Kwanza, mnywaji alichagua kunywa pombe. Hakuchagua methanoli. Aliyenunua unga wenye sumu hatumlaumu kwa kupenda ugali.

Pili, pesa zimeshakusanywa. Chupa ya halali inalipa ushuru kwa serikali kuu. Baa inalipa leseni kwa kaunti. Serikali inakula kutoka kwenye pombe kila siku. Swali la haki si kama mlipa ushuru atoe zaidi. Swali ni: kati ya zile pesa ambazo pombe yenyewe imeingiza, kiasi gani kinarudi kuangalia madhara yake? Muulize mgombea wako swali hilo kwa maneno hayo hayo, halafu nyamaza umsikilize.

Tatu, anayebaki na gharama ni yule yule mama wa nyanya. Ndiye atakayelea watoto wa aliyekufa na kumshika mkono aliyepofuka.

8/
HOJA YA PILI: "Dawa ni msako. Mwageni pombe, fungeni mapango."

Nilipokuwa natayarisha maneno haya niliandika miaka kwenye karatasi. Novemba 2000, mtaa wa Mukuru jijini Nairobi, kumi kumi iliua zaidi ya watu 100. Juni 2005, hapa hapa kwetu Machakos, zaidi ya watu 40 walikufa kwa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Wazee waliopo hapa wanakumbuka ile wiki, mochari ilivyokuwa. Mei 2014, zaidi ya watu 80 katika kaunti kadhaa, Embu ikiumia zaidi, na jirani zetu wa Makueni na Kitui wakiwamo. Februari 2024, Kirinyaga, angalau watu 17, na serikali yenyewe ikasema ile pombe ilikuwa kielelezo kilichotoka kwenye kituo cha polisi.

Kila mara, baada ya mazishi, kulikuwa na msako. Kila mara. Mwaka 2010 tulipata sheria mpya ya vileo, hata chang'aa ikaruhusiwa mradi itengenezwe na kufungwa kwa viwango. Mwaka 2015 msako mkubwa. Machi 2024 leseni za viwanda vya pombe ya bei rahisi zikasimamishwa.

Sisemi msako ni mbaya. Muuzaji wa sumu ashikwe. Nasema hivi: msako una kamera. Utaona kwenye habari pombe ikimwagwa mtaroni, na afisa akitangaza ni lita ngapi. Tunahesabu lita, hatuhesabu watu. Lita zikiwa nyingi tunapiga makofi. Na hatuwezi kujua kama msako ulisaidia, kwa sababu hatukuwa na idadi ya waliokuwa wakifa kabla, wala hatuna ya wanaokufa baada.

Tena, hiyo miaka minne ni ile ambayo watu walikufa wengi kwa wakati mmoja mpaka magazeti yakaandika. Anayekufa peke yake Jumamosi jioni kwenye bodaboda, yuko kwenye mwaka gani?

9/
HOJA YA TATU: "Hilo ni jukumu la kaunti." Na upande mwingine: "Hilo ni jukumu la serikali kuu."

Hapa kuna ukweli pande zote mbili, na ndiyo maana mchezo huu hauishi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti afya ya mashinani, leseni za pombe, na udhibiti wa dawa za kulevya. Lakini polisi ni wa serikali kuu. Chifu na naibu chifu ni wa serikali kuu. Usajili wa vifo ni wa serikali kuu. Mkemia ni wa serikali kuu. NACADA, iliyo na sheria yake ya 2012, ni ya serikali kuu.

Kwa hivyo kifo cha ndugu yangu kilianza kwa kaunti, kwa sababu mahali pale palihitaji leseni. Kikapita kwa kaunti tena, hospitali ambayo hakuifikia. Kikaishia kwa serikali kuu, kwenye fomu ya naibu chifu. Kila mmoja alikuwa na kipande. Hakuna aliyekuwa na kifo kizima.

Mwanasiasa akikwambia si kazi yake, usibishane naye kuhusu katiba. Mwambie: "Sawa, onyesha kipande chako. Umekiwekea shilingi ngapi?"

10/
HOJA YA NNE: "Wafadhili watashughulikia."

Hii wengi hawaisemi kwa sauti, lakini ndiyo bajeti zetu zinavyosema. Niwapeleke Pwani kidogo, kwa sababu kule wametangulia kuona.

Mombasa, Malindi, Lamu, shida kubwa zaidi ni heroini. Heroini ni ya jamii ya opioidi, dawa zinazotokana na afyuni au zinazoiga afyuni, pamoja na zile za maumivu makali ambazo vijana wengine siku hizi wananunua kiholela. Ukizidisha kipimo, ubongo unasahau kupumua. Kuna dawa inaitwa naloksoni: mtu akipewa kwa wakati anaweza kurudi kupumua ndani ya dakika chache. Na kuna methadoni, ambayo mraibu hunywa kliniki kila siku ili atulie, aache sindano, arudi kazini.

Tanzania walianza methadoni Muhimbili mwaka 2011. Sisi tukafuata mwisho wa 2014 pale Mathari, Nairobi, halafu Malindi na Mombasa. Kazi nzuri. Watu walirudi kwa familia zao. Lakini sehemu kubwa ya pesa ilitoka nje, hasa Marekani. Januari 2025 serikali mpya ya huko ikasimamisha misaada ya nje ili ikaguliwe upya, na kliniki zilizokuwa zikitegemea mfuko huo zikajikuta zinauliza kesho itakuwaje. Mgonjwa anayekunywa methadoni kila siku hawezi kusubiri ukaguzi wa siku 90.

Wala siwalaumu wafadhili. Pesa ni zao, na wana wapiga kura wao. Ila mgeni njoo mwenyeji apone ni methali ya mgeni anayekuja na baraka, si ya mwenyeji anayeacha kulima kwa sababu mgeni atakuja.

11/
Na kwa kuwa tumewataja Wamarekani, hata wao wanagombana juu ya jambo hili hili. Mwaka 2023 walipoteza zaidi ya watu 100,000 kwa kuzidisha kipimo cha dawa, wengi wao kwa opioidi. Mwaka 2024 idadi ikashuka hadi takriban 80,000. Wanabishana kwa nini imeshuka: wengine wanasema naloksoni, wengine matibabu, wengine dawa zenyewe mitaani zimebadilika.

Lakini angalieni wanabishana kuhusu nini. Wanabishana kuhusu sababu ya idadi kushuka. Hiyo idadi wanayo. Serikali yao kuu huzipa idara za afya za majimbo pesa za kazi hiyo: kukusanya ripoti za wachunguzi wa vifo, kupima damu, kujua mwezi huu ni dawa gani inaua na mtaa gani. Na kila bajeti ikija, kuna mwanasiasa anayetaka kulikata hilo fungu, kwa sababu kuhesabu hakuna utepe wa kukata siku ya ufunguzi.

Sisi hatujafika hata kwenye ugomvi huo. Sisi tuko kwenye presha.

12/
HOJA YA TANO, na hii ndiyo ngumu kwangu: "Mkihesabu mtatuaibisha, na mtatuletea polisi."

Hii huisikii kwa wanasiasa. Unaisikia jikoni. Mama anasema, mtoto wangu amekufa, kwa nini mnataka na jina lake life? Jirani anasema, nikisema ukweli, kesho gari la polisi liko kwangu.

Siwezi kumwambia mama huyo amekosea. Nilifanya alichofanya. Kama kuhesabu kutakuwa mlango wa kukamata wafiwa, watu watadanganya, na mimi nitadanganya tena. Kwa hivyo idadi ya afya lazima ikae mbali na faili la kesi. Anayekusanya chanzo cha kifo kwa ajili ya afya asiulize nani aliuza. Aulize: alikunywa lini, alianza kuugua lini, nani mwingine alikunywa naye. Hilo swali la tatu lingemfikia yule mwanamume kabla macho hayajafungwa.

Na aibu? Aibu inakaa pale ambapo kila nyumba inadhani iko peke yake. NACADA ilipofanya utafiti wa kitaifa mwaka 2022 ilikuta kwamba kati ya Wakenya 8 wa umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja anakunywa pombe. Hesabu viti vya ukumbi huu. Hatuko peke yetu.

13/
Kabla sijaeleza la kufanya, tahadhari moja kuhusu nambari. Utamsikia mtu jukwaani akipaza sauti kwamba "vijana wote wa eneo hili wamekwisha kwa pombe." Watu wanapiga makofi kwa sababu wana uchungu. Muulize maswali matatu: Nambari hiyo imetoka wapi? Ni ya mwaka gani? Ni wangapi kati ya wangapi? Akishindwa, basi anatumia maiti zetu kama vipaza sauti. Na huyo ukimpa pesa atanunua mabango ya "Pombe Huua" yenye picha yake.

14/
Pesa zingefanya nini hasa? Nitataja vitu vinne. Hakuna hata kimoja kinachohitaji jengo jipya.

Moja: kifo cha kutiliwa shaka kisiwe bili ya familia. Upasuaji wa mwili, kipimo cha maabara na siku za ziada za mochari vilipwe na umma. Siku hiyo ingekuwa bure kwetu, mojawapo ya hofu zangu tatu ingekwisha.

Mbili: naibu machifu wafundishwe kuuliza maswali machache yaliyopangwa, badala ya lile moja la "alikuwa na shida gani". Na majibu ya Mkemia yarudi kwenye sajili ya vifo na kwa afisa wa afya wa eneo, si kwenye faili la polisi peke yake.

Tatu: wahudumu wa afya wa jamii. Tangu mwishoni mwa 2023 wako vijijini wakiwa na mikoba na simu, na posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti. Hawa ndio wanaojua nani ameumwa tumbo na macho baada ya Ijumaa. Wapewe pa kuripoti na mtu wa kupokea ripoti. Na posho yao ilipwe kwa wakati, kwa sababu huwezi kumtuma mtu akuhesabie huku yeye humhesabii.

Nne: hospitali zetu, pamoja na hii ya Kathiani, ziwe na utaratibu ulioandikwa wa mgonjwa wa methanoli na wa opioidi, na dawa zake ziwepo stoo, au angalau ijulikane kwa dakika hiyo hiyo ziko wapi na gari gani linampeleka.

15/
Lini tuseme? Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunapiga kelele Juni, wakati bajeti inasomwa. Juni chakula kimeshapikwa.

Shikeni tarehe hizi za kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya sera ya fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Kati ya tarehe hizo lazima kuwe na vikao vya kusikiliza wananchi. Mnaviona vimetangazwa gazetini au kwenye ukuta wa ofisi ya wadi, tunapita tu.

Nendeni. Na mkifika msiseme "tunataka pombe ipigwe vita." Hilo litaandikwa na kusahaulika. Semeni: "Tunataka fungu lenye jina lake kwa ajili ya kuchunguza na kuzuia vifo vya pombe na dawa za kulevya, na tunataka kila mwaka tuonyeshwe wangapi wamekufa Mitaboni, wangapi Kaani, wangapi hapa Kathiani kati." Fungu lisilo na jina huliwa bila jina.

Na mwakilishi atakayewaletea idadi kubwa kuliko mlivyotarajia, msimpigie kelele. Mwaka wa kwanza wa kuhesabu kwa ukweli idadi itapanda. Si lazima iwe watu wamekufa zaidi. Huenda ni sisi tumeacha kusema presha. Mpinzani wake atamwita mshindwa. Ninyi mlindeni kwa hilo, hata kama hamkumpigia kura.

16/
Nimalizie. Kila nikija nyumbani napita kwenye kaburi la ndugu yangu, liko chini ya mwembe, upande wa shamba. Hapo hakuna kilichoandikwa ila jina na miaka. Neno "presha" halipo pale. Liko kwenye kabati fulani la serikali, kwa mwandiko wa mtu mwema, na nililisema mimi.

Ikija siku nyingine, Mungu apishe mbali, mtu akae kwenye kiti cha nyumba yenu na fomu magotini, akiuliza marehemu alikuwa na shida gani, nawaomba mseme ukweli. Na sisi wengine tuhakikishe kwamba ukweli huo hautawagharimu kile ulichotugharimu kuogopa.

Asanteni sana.

17/
Nyongeza, kwa wale ambao hawakuwepo. Baada ya kuketi, mzee mmoja wa nyuma alisimama. Hakuuliza kuhusu bajeti. Aliuliza, "Kijana, yule aliyepofuka, umewahi kwenda kumwambia?"

Nilimjibu ukweli: bado.

Nimeenda Jumapili alasiri. Tulikaa nje, mke wake akatuletea chai. Nilimweleza yote, pamoja na lile neno nililosema. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika kikombe kwa mikono miwili, akaniuliza, "Hiyo mikutano ya bajeti, kipofu anaruhusiwa kuzungumza?"

Nikamwambia anaruhusiwa. Tutaenda pamoja.

Uzi umeisha. Ukiwa kaunti nyingine, tarehe ni hizo hizo. Mtumie mtu mmoja aliye kwenye kamati ya afya ya kijiji chenu.